Kulabu za Ngazi ya Zimamoto

Karakana nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jina lilianza kwa watoto wa mdogo wake, waliokuwa wakipita pale wakitoka shule kuomba maji ya kunywa, nalo likawashika na mafundi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye makovu madogo madogo meupe mikononi, alama za matone ya metali ya moto. Kazi yake ilikuwa kusubu, yaani kuyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu inayoipa umbo. Yeye na mdogo wake waliirithi kazi hiyo kwa baba yao, aliyesubu sufuria na vifuniko mpaka mgongo ukamkatalia. Mzee alipofariki, mdogo mtu alishika uendeshaji wa karakana, dada mtu akashika tanuri. Mmoja alikuwa mdomo, mwingine mkono, na kwa miaka mingi hawakugombania jambo kubwa kuliko nani kamaliza sukari ya chai.

Mume wa Shangazi alikuwa askari wa zimamoto. Wenzake walimpa jina la Kwezi, kwa sababu alipanda ngazi kama ndege huyo anayerudi kwenye tundu lake. Siku moja, wakiwa mezani, alilalamikia ngazi ya kikosi chao. Ilikuwa ya chuma na ilibebwa na watu wanne. Wakishaifikisha kwenye jengo linaloungua, alisema, wanahema kama waliokimbizwa na mbwa, na hapo kazi yenyewe haijaanza.

Mdogo mtu aliweka kijiko chini. "Shemeji," akasema, "ikiwa ya alumini je?"

Ndivyo ilivyoanza. Haikupita muda akawa amekwenda kwa mkuu wa zimamoto na kumwahidi ngazi nyepesi. Mkuu alimsikiliza, kisha akamuuliza kwa upole, "Nyinyi si ndio wale wa sufuria?" Swali lile lilimwingia mdogo mtu kama mwiba wa samaki kooni. Alipolisimulia karakanani alicheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno kwa mtu ambaye halijamuuma.

Ngazi waliyoitengeneza ilikuwa ya vipande viwili, cha juu kikiteleza juu ya cha chini. Kipande cha juu kikishavutwa kwa kamba mpaka kimo kinachotakiwa, kulabu mbili, moja kushoto na moja kulia, hukamata vipago, vile vijiti vya kukanyagia, vya kipande cha chini na kukizuia cha juu kisishuke. Mabomba ya pembeni walinunua tayari. Viungo na kulabu alisubu Shangazi kwa aloi mpya ya alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo, si kwa vyuma chakavu vya sufuria. Zilitoka laini, zinang'aa, hazina tundu wala ufa. Waliilaza ngazi juu ya magogo, wakaipakia mifuko ya mchanga mpaka mafundi wakachoka kubeba, na ngazi ikatulia. Mkuu akapanga siku ya kuijaribu kwenye mnara wa mazoezi wa zimamoto. Wa kupanda angekuwa Kwezi. Nani mwingine?

Mchana wa siku iliyotangulia jaribio, Shangazi alikuwa amebana kulabu ya akiba kwenye jiliwa, anaupiga tupa mdomo wake. Hakuwa akitumia nguvu. Tupa ilipokwaruza kona, kulabu ikakatika kama biskuti.

Alibaki amesimama na nusu mkononi. Kisha akaipeleka mlangoni, kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa ya kijivu kinachometameta, kama inavyotakiwa. Lakini katikati ulipita mstari mweusi, hafifu, uliojikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Mahali pale metali haikuwa imeshikana hata kidogo. Ilikuwa imelala tu upande huu na upande ule, kama watu waliogombana wakalazimishwa kulala kitanda kimoja.

Akampelekea mdogo wake ofisini.

"Hii ni ya mimino moja na zile zilizoko kwenye ngazi," akasema.

Mdogo mtu aliigeuza geuza. "Moja mbovu, dada. Hata kwenye mayai hupatikana moja."

"Yai viza halimbebi mtu."

"Tulipakia mchanga, ikabeba."

"Mchanga haupandi. Haurukiruki, hauhamishi mguu. Mdogo wangu, mpigie mkuu. Mwambie bado."

Mdogo mtu aliiweka kulabu mezani. "Nitamwambia nini? Kwamba sufuria imevuja?"

"Mwambie hivyo hivyo. Sufuria ikivuja, unahamishia mboga kwenye nyingine. Mtu utamhamishia wapi?"

"Nimesikia, dada."

Shangazi alitoka ameridhika. Baadaye alijilaumu kwa neno lile moja, maana aliyejibu "nimesikia" hajasema "nimekubali", na yeye, aliyemlea mdogo wake mgongoni, alipaswa kuijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote. Mumewe alikuwa zamu kituoni wiki ile na hakulala nyumbani. Shangazi hakumpigia simu. Aliona jambo limekwisha.

Asubuhi alifika karakanani akakuta mahali pa ngazi ni patupu. Chini kulikuwa na mikwaruzo miwili ikielekea getini.

"Bosi kaondoka nayo mapema," fundi wa tupa akasema. "Alisema mmekubaliana."

Alimpigia mdogo wake, simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia mumewe, nayo ikaita bure. Alijua simu za askari hufungiwa kabatini wakiwa kwenye mazoezi. Akachukua zile nusu mbili za kulabu, akazitia kwenye mfuko wa aproni, akatoka bila hata kuvua buti za kazi. Kituo hakikuwa mbali. Alianza kwa kutembea, kwa sababu kukimbia kungekuwa kukiri jambo alilokuwa bado hataki kulikiri. Alipofika kona ya pili alikuwa anakimbia.

Uwanja wa zimamoto ulikuwa wa saruji, na mwisho wake ulisimama mnara wa matofali wenye madirisha yasiyo na vioo. Ngazi ilikuwa imeegemezwa pale, inang'aa, nyembamba. Askari kadhaa walisimama kwa mstari. Mkuu alikuwa amekunja mikono kifuani, na mdogo mtu amesimama kando yake, shati safi, kola imefungwa. Na juu kabisa, karibu na dirisha la ghorofa ya tatu, alikuwa Kwezi. Alikuwa ameshafunga mkanda wake wa usalama kwenye kipago cha ngazi yenyewe, kama wanavyofundishwa, akaachia mikono yote miwili kuonyesha kwamba ngazi imetulia. Mmoja wa askari alipiga makofi.

Shangazi alifungua mdomo kupiga kelele, akaufunga. Mumewe akishtuka, atajitikisa. Akijitikisa, uzito wote utarukia upande mmoja. Alitembea mpaka chini ya ngazi, akashika mabomba ya pembeni, na kwa viganja vyake akahisi kitu ambacho hakuna mwingine pale aliyekihisi: mtetemo mdogo, mkavu, kama wa kucha inayokwaruza bati. Upande wa kushoto.

"Baba watoto," akaita, sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Kwezi alitazama chini. "Umekuja kuniona ninavyoringa?"

"Nimekuona. Sasa usiachie tena mikono. Weka miguu pembeni, upande wa kulia. Pole pole."

Akatabasamu, halafu tabasamu likaisha. Walikuwa wameoana kwa muda mrefu wa kutosha. Alisogeza mguu wa kwanza. Mdogo mtu alikuwa ameshamkaribia dada yake, anasema kwa kunong'ona, "Dada, tafadhali, usinitie aibu mbele ya watu." Shangazi alitoa nusu ya kulabu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha mdogo wake bila kumtazama, akarudisha mkono kwenye bomba.

"Fungua mkanda," akamwambia mumewe.

"Nifungue?" Katika maisha yake yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumwambia afungue mkanda akiwa juu.

"Umejifunga kwenye kitu kinachoanguka. Fungua, uingie dirishani."

Mkuu alianza kusema jambo. Kisha kulabu ya kushoto ikakatika. Mlio wake ulikuwa mdogo, wa kuvunja karanga. Kipande cha juu kikashuka upande mmoja kwa kishindo, kikajipinda, kikabaki kimening'inia kwenye kulabu ya kulia peke yake. Kwezi alining'inia nacho, kifua kimebanwa kwenye vipago, mkono mmoja ukihangaika na ndoano ya mkanda iliyokuwa imevutika. Shangazi alikuwa bado ameshika ngazi, ingawa kuishika hakukusaidia chochote, na askari wawili walimvuta akakataa kuondoka.

Ndoano ikafunguka. Kwezi alijitupa. Bega lake la kushoto liligonga ukingo wa dirisha kabla mwili haujaingia ndani, na muda ule ule kulabu ya pili ikakubali kushindwa. Ngazi ikaja chini kwa makelele ya mabomba matupu. Shangazi alivutwa kwa nguvu na askari wale, akaanguka chali kwenye saruji, na alipoinua kichwa aliona dirisha tupu. Kisha mkono wa kulia ukatokea, ukapunga mara moja, ukapotea.

Bega lilikuwa limeteguka na mfupa wake umepasuka. Hospitalini daktari alisema litapona, lakini si kwa kazi ya kupanda. Alilisema kwa wepesi, kama anayetaja hali ya hewa, na Kwezi akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni habari za mtu mwingine. Mdogo mtu alifika jioni, akasimama mlangoni mwa wodi, shati lile lile, kola sasa iko wazi.

"Shemeji, kaa," Kwezi akasema. "Usisimame kama mdai."

Shangazi aliinuka, akachukua chupa ya chai, akatoka. Hakumsemesha ndugu yake siku ile wala zilizofuata. Karakanani walifanya kazi chini ya paa moja wakizungumza kupitia fundi wa tupa. "Mwambie bosi wako mkaa umekwisha." Bosi, aliyesimama hatua chache kutoka hapo, alisema, "Nimesikia." Shangazi akamwambia fundi, "Mwambie neno hilo asilitumie tena humu." Fundi wa tupa, mtu mwenye familia na asiyependa makuu, aliomba likizo.

Zimamoto walimtuma mhandisi kutoka chuo cha ufundi achunguze. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kunusa vitu kabla ya kuvitazama. Alikata kulabu zote vipande, akavipiga msasa mpaka vikawa kama kioo, akaondoka navyo. Alivitazama kwa hadubini huko chuoni na kurudi na picha. Shangazi alikuwa amejiandaa. Alitaka kusikia kwamba aloi ilikuwa mbovu, au muuzaji aliwadanganya, au hata kwamba kosa lote ni kuharakisha jaribio. Alitaka zaidi hilo la mwisho.

"Aloi yenu ni nzuri," mhandisi akasema. "Tatizo ni jinsi ilivyomiminwa. Alumini ikiguswa na hewa huota ngozi papo hapo. Ikimwagwa kutoka juu, ikaruka na kujikunja, ngozi ile huzama ndani, na ngozi mbili zikikutana hazishikani kamwe. Kwa nje huoni kitu."

"Kama utando wa maziwa," Shangazi akasema taratibu. "Ukiyamimina yamepoa kidogo, utando unaingia kikombeni umekunjamana."

"Ndio huo huo. Nani alimimina?"

"Mimi."

Aliusema ukweli ule kwa sauti ya kawaida, kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alimimina kama baba yake alivyomfundisha: inua upawa juu, mwaga kwa kasi, metali isipate nafasi ya kupoa. Mzee alikuwa akisema mkono mwoga hausubu sufuria. Na kwa sufuria alikuwa sahihi, kwani sufuria yenye ngozi ndani yake hupika wali miaka na miaka bila mtu kujua. Tangu siku ya mnara alikuwa amembebesha mdogo wake mzigo wote, akaufunga na kamba juu yake. Sasa aliona nusu ya mzigo ni wake, na huenda ndiyo nusu nzito.

Mhandisi alipoondoka, Shangazi alikwenda ofisini. Mdogo mtu alikuwa amekaa, hafanyi chochote.

"Kulabu nilisubu mimi," akasema.

"Ngazi niliipeleka mimi," mdogo mtu akajibu. "Ulinionya nikiwa na macho yote mawili."

"Nilikuonya, ndiyo. Lakini hata usingeipeleka, ningesubu nyingine kwa mkono ule ule, nikazisifu."

Nje mtu alikuwa akigonga bati. "Tunaacha?" mdogo mtu akauliza. Alikuwa anauliza kweli, si kwa kutaka kubembelezwa.

"Mume wangu hatapanda tena ngazi yoyote," Shangazi akasema. "Wenzake wanabeba ile ya chuma. Tukiacha, bega lake litakuwa limevunjikia nini?"

Basi wakaanza upya, na mwanzo ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa walijua wanachokitafuta. Metali ilitakiwa iingie kwenye kalibu kimya kimya, bila kuruka, kama maji yanayopanda kisimani. Mhandisi alishauri waiingize kutoka chini kupitia mfereji. Walijaribu, ikapoa njiani na kuziba. Wakafungua kalibu wakakuta nusu kulabu. Wakapasha kalibu moto zaidi, metali ikanata kwenye chuma cha kalibu, wakaibandua kwa patasi wakitukana kwa adabu. Wiki nyingine kulabu zilitoka kamili, wakafurahi, kisha zikavunjika kwenye mashine ya kukunjia waliyopimia nguvu zake, na ndani ukaonekana ule mstari mweusi. Shangazi aliuota mstari ule. Akikata kitunguu alikuwa akitazama ndani yake.

Njia iliyokuja kuwafaa iliwajia kupitia kwa kinyozi. Kinyozi wa jirani alikuwa anatupa kiti chake cha zamani, kile cha chuma ambacho ukizungusha mkono wake mteja hulala pole pole kunyolewa ndevu. Mdogo mtu alikichukua kwa sababu ya vyuma vyake. Shangazi alimkuta amekikalia, anajilaza na kujiinua, uso wa mtu aliyekwama kwenye mawazo.

"Umekuja kunyolewa?" akamuuliza.

"Dada, tazama. Hapa hamna kumwaga. Kikombe cha metali tunakifunga kwenye kalibu yenyewe, mdomo kwa mdomo. Kalibu tunaifunga mgongoni mwa kiti. Tunalaza vyote viwili pamoja. Metali haianguki, inajilaza tu na kuhamia."

Mhandisi alipoelezwa alinusa kiti, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema viwanda vikubwa vina mashine za namna hiyo, ila yeye hakuwahi kufikiria kiti cha kinyozi. Walichomelea, wakaondoa mto wa ngozi, wakaweka matofali ya kuzuia joto. Mimino ya kwanza iliharibika kwa sababu kiti kilikuwa na mshtuko mahali fulani katika mzunguko wake. Walibadilisha gia. Iliyofuata iliharibika kwa sababu Shangazi aliharakisha. Mkono wa baba yake ulikuwa bado mabegani mwake. Kilichokuwa kigumu zaidi kwake ni kungoja huku metali inapoa.

Kulabu ya kwanza nzuri haikuvunjika. Kwenye mashine ilijikunja, ikaendelea kujikunja kama fimbo mbichi, na mdogo mtu aliyekuwa akisoma kipimo alisimama akauliza kama mashine imeharibika. Walizikunja nyingine, moja moja, na mhandisi akazipiga picha za eksirei. Ndani zilikuwa safi. Walioka zilizobaki kwenye tanuri dogo ili ziwe ngumu, wakakunja tena baadhi yake. Karakana ilijaa kulabu zilizopinda kama ndizi.

Siku ya jaribio jipya kamba ya usalama iliteremshwa kutoka kwenye paa la mnara. Mkuu mwenyewe aliipima. Aliyepanda alikuwa askari wa kike, mrefu, mwanafunzi wa Kwezi. Kwezi alisimama chini na kutoa amri, mkono wa kushoto mfukoni kwa kuwa haukupenda kuning'inia. Sasa kazi yake ilikuwa kupokea simu za moto na kufundisha wageni kikosini, na kuna siku alirudi nyumbani hasemi na mtu. Mkewe alizoea kumwacha na ukimya wake mpaka umtoke.

Shangazi hakuweza kutazama. Aligeukia ukuta, akashika bomba la ngazi kwa kiganja kimoja, akafumba macho, akasikiliza kwa mkono. Miguu ilipita juu ya kichwa chake, kipago baada ya kipago. Askari alifika ghorofa ya tatu, akaambiwa arukeruke, akarukaruka. Akashuka na kupanda tena akiwa na mwenzake mgongoni. Mkono wa Shangazi haukusikia kitu ila uzito wa watu unaokuja na kuondoka.

"Imefaa," mkuu akasema, akamnyooshea mdogo mtu mkono.

"Afande, bado," Shangazi akasema. Aliomba spana, akazifungua kulabu zote mbili pale pale. "Zimebeba mtu. Nataka nijue zimebaki na nini ndani."

"Mama, nikishaipokea, hiyo ni ngazi yangu."

"Hujaipokea, afande. Hujatia sahihi."

Mkuu alimtazama mdogo mtu, akitegemea msaada. Mdogo mtu alikuwa ameshashika spana ya pili. Walizipeleka karakanani, wakazikunja, wakazikata, wakatazama. Zilikuwa safi. Zimamoto walipewa ngazi ikiwa na kulabu nyingine, na baada ya ile wakaagiza zaidi.

Kazi ya kuzungusha mkono wa kile kiti iliwashinda mafundi wengi. Mmoja alikuwa na haraka, mwingine alisitasita katikati. Jumamosi moja Kwezi alikuja kumletea mkewe chakula, akakaa juu ya kreti kutazama, na alipochoka kutazama akasema, "Nipisheni." Aliushika mkono wa kiti kwa mkono wake wa kulia, ule mzima. Kwa miaka yote ya kupanda alikuwa amejifunza kuhamisha uzito bila kuushtua.

"Pole pole, baba watoto," Shangazi akasema, amesimama na miwani ya kazi, anaangalia uso wa metali ukimeta kama kioo bila kukunjamana.

"Usinifundishe," akajibu, bila kugeuza macho.

Kiti kikalala. Metali ikahamia upande wa pili bila sauti, na mdogo mtu akasogea na koleo kufungua kalibu.